Njia Tatu za Kupelekeana Habari

Wazee wa vijiji, walimu, na ndugu nyote wa Karagwe na Kyerwa,

Nataka kusema nanyi juu ya njia zipitazo habari kutoka kwa mtu hata kwa mwenziwe. Njia hizo ni tatu, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni njia ya kwenda tu. Zamani mbiu ya mgambo ilipolia watu walijua kuna jambo, lakini hapana aliyeijibu mbiu. Redio ni vivyo hivyo. Tangu mwaka 2007 Redio FADECO imetangaza kutoka Karagwe, na watu wengi huisikia kwa mara moja. Walakini kisanduku kilicho nyumbani mwako kina sikio tu, kinywa hakina.

Ya pili ni njia ya kupokezana, yaani redio ya mkononi watumiayo askari polisi. Mwenye kusema hubonya kitufe. Akiisha, hukiachia apate kusikia. Wote hutumia wimbi moja, kwa hiyo wawili wakibonya pamoja hawasikilizani. Adabu yake ni kama ya baraza: mmoja hunena, wengine hungoja.

Ya tatu ni njia ya kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, nayo ni simu. Humo sauti yako yaenda na ya mwenzio yaja bila kuzuiana, hata mwaweza kukatizana maneno.

Faida ya kuyajua haya ni nini? Kumbukeni mnyauko wa migomba, uliokwisha kuonekana Kagera kufikia mwaka 2006. Redio yaweza kuwaambia watu wote kwa siku moja: ng'oeni mgomba mgonjwa, pitisheni panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, ondoeni ua dume kwa kijiti chenye panda. Lakini mkulima aonaye majani ya njano, asijue kama ni mnyauko au ni ukame, atamwuliza nani? Redio haimsikii. Asipojibiwa, huenda akakata migomba mizima, au akauacha ulio mgonjwa, na panga lake likapeleka maradhi hata shamba la jirani.

Basi tangazo na lipite njia ya kwanza, na swali lirudi kwa njia ya tatu. Kila tangazo lifuatane na nambari ya simu ya bwana shamba. Naye asiye na simu amwendee mwalimu au mwenyekiti wa kijiji, ampigie. Kuuliza si ujinga. Naye aliyetangaza asidhani kazi yake imekwisha, mpaka asikie majibu ya watu.