Ile Pamba Nyeupe ya Tanuri

  Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho huenda kimo nyumbani mwako na hukijui jina.

Ni kitu cheupe, laini, kinafanana na pamba au blanketi nene. Hutoka dukani kikiwa kimeviringwa kama mkeka. Ni chepesi, na ukikitia motoni hakiungui. Wataalamu hukiita nyuzi za seramiki. Hutengenezwa kwa kuyeyusha madini ya alumina na silika, kisha uji huo wa moto hupulizwa kwa nguvu hadi ukawa nyuzi nyembamba mno. Maji huchemka kwa digrii 100, lakini blanketi hili linastahimili joto la digrii 1260. Ndiyo sababu hutandazwa ndani ya matanuri ya kuyeyushia chuma, kuchomea vigae na vyombo vya udongo, na kwenye milango ya boila.

Sasa utauliza, mama, mambo ya viwanda yananihusu nini mimi niliye jikoni na mtoto mgongoni? Yanakuhusu kwa njia mbili: nguo za kazi za mzee, na mabaki anayokuja nayo nyumbani.

Tuanze na nguo. Mama mmoja alileta mtoto kliniki, mikono na shingo imejaa vipele vyekundu. Walikuwa wamempaka mafuta ya kila aina, wakidhani ni upele wa kuambukiza. Nilipouliza kazi ya baba, nikaambiwa hubomoa na kujenga matanuri. Akifika jioni humbeba mtoto kabla hajavua ovaroli. Basi hapo dawa ya upele ingesaidia nini? Nyuzi hizi huchoma ngozi kama upupu. Huwasha macho pia, na kukwaruza pua na koo.

Mwasho huisha. Linalotutia wasiwasi zaidi ni mapafu. Nyingi za nyuzi hizi zina unene wa mikroni chache tu, hali unywele wako ni kama mikroni 70. Huzioni zikielea. Zikivutwa huingia ndani kabisa ya mapafu, na huchukua muda mrefu kuondoka. Mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, liliziweka katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi mkubwa ulitokana na wanyama wa maabara. Kwa wafanyakazi wa viwanda vinavyozitengeneza, Marekani na Ulaya, madaktari wameona mabaka magumu kwenye utando unaozunguka mapafu. Lakini kwamba zimewapa watu saratani, hilo halijathibitishwa wazi. Nasema hivi ili usipige mayowe, na pia usipuuze. Hii si asbesto, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006 na ambayo ni hatari zaidi. Lakini si pamba ya mto pia.

Na hapo ndipo tunakuja kwenye mabaki. Tanuri likibomolewa kiwandani, vipande hutupwa, na sisi Wakenya hatupendi kuona kitu kizuri kikitupwa. Utakuta kimefungwa kwenye oveni ya pipa ya kuokea keki, kimejazwa chini ya mtungi wa kuku, au kimeziba tundu la ukuta. Nimekiona hata ndani ya mto wa kukalia. Mama, kipande kilichotumika ni kibaya kuliko kipya! Kikikaa miaka katika joto la kupita digrii 1000 hivi, hukauka, hukatikakatika kama biskuti, na sehemu yake hugeuka kuwa aina ya silika iitwayo kristobalaiti. Vumbi la silika ya namna hiyo linajulikana wazi: huleta ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi, na saratani pia. Kwa hiyo kile kipande cha bure kilichokwisha kuchakaa ndicho cha kukataa kabisa.

Ikiwa kimo nyumbani, usikikung'ute wala kukipasua kikiwa kikavu. Toa watoto nje. Kinyunyizie maji hadi kilowe, kitie ndani ya mfuko wa plastiki mgumu, kisha mfuko wa pili, ufunge. Usikichome, maana hakiungui, na usikitupe jalalani ambako watoto huokota vitu. Mzee akirudishe kazini kilikotoka, au muulize afisa wa afya ya umma wa eneo lako. Pale kilipokuwa, usifagie kwa ufagio mkavu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji.

Nguo za kazi ni heri zibaki kazini, zifuliwe huko. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga, wala asimkate mfanyakazi mshahara kwa ajili hiyo. Najua fundi wa jua kali hana mwajiri. Basi avulie nguo nje, aoge kabla ya kumshika mtoto. Wewe usizikung'ute. Zitumbukize nzima kwenye maji kwanza, zifue peke yake, si pamoja na nepi za mtoto, kisha suuza karai vizuri.

Mtoto akiwashwa, usimkune. Mwagie maji safi baridi ngozi ipate kusafika, halafu sabuni. Jicho likiingiwa, lisisuguliwe. Limwagie maji safi kwa dakika 15, na likibaki jekundu njoo kliniki.

Jambo la barakoa: zile za kitambaa tulizovaa mwaka 2020 wakati wa korona hazizuii vumbi hili. Fundi anahitaji kinyago cha kuchuja vumbi laini, kinachobana uso vizuri. Na kama anavuta sigara, anayaongezea mapafu mzigo.

Wengine mmeniuliza kama jiko letu la makaa la kauri lina nyuzi hizi. Hapana. Lile la ndani ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa. Pikeni bila hofu, ila dirisha liwe wazi, kwa maana moshi wa makaa una hatari zake.

Na kikohozi je? Si kila kikohozi ni cha nyuzi. Mtu akikohoa kwa wiki mbili au zaidi, apimwe kifua kikuu, na katika hospitali za serikali kipimo hicho ni bure. Ila ukimpeleka mzee, usinyamaze kuhusu kazi yake. Mwambie daktari ni miaka mingapi amefanya kazi ya matanuri, na kama alikuwa akibomoa. Mara nyingi sisi wauguzi hatuulizi, kwa sababu foleni ni ndefu. Wewe sema tu.

Wiki ijayo tutazungumzia minyoo kwa watoto wa shule. Kwaherini.