Jasho la Mwili na Ugonjwa wa Saratani

Leo nitazungumzia swali ninaloulizwa sana ninapopita manyumbani: je, mama mwenye saratani atembee na kufanya kazi ndogo ndogo, au alale mkekani apumzike?

Wengi wetu tumezoea kumlaza. Mgonjwa akirudi kutoka Mombasa kutiwa dawa, hata kikombe haruhusiwi kuosha. Tunafanya hivyo kwa huruma. Lakini mwili unapofanya kazi hutoa vitu ndani ya damu ambavyo huenda vikasaidia kupigana na saratani. Vitu hivyo ni homoni.

Homoni ni kama mjumbe. Hutoka sehemu moja ya mwili, hupita katika damu na kupeleka agizo mahali pengine. Ukitembea kwa haraka mpaka moyo ukaenda mbio na jasho likakutoka, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo adrenalini. Adrenalini huwaamsha askari wa mwili, yaani zile chembe za damu zinazoua chembe mbovu, wakaingia kwa wingi katika mzunguko wa damu.

Mwaka 2016 watafiti wa Copenhagen, Denmark, walieleza walivyolijaribu jambo hili kwa panya. Panya waliopewa gurudumu la kukimbilia walikuwa na uvimbe wa saratani mdogo kwa zaidi ya nusu, ukilinganisha na panya waliokaa tu. Adrenalini ilipozuiwa kwa dawa, faida ile ilififia.

Mtasema, panya si binadamu. Ni kweli. Sikilizeni basi habari ya mwaka 2025. Wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao wa Kanada na Australia, walifuatiliwa baada ya kupasuliwa na kumaliza dawa. Nusu yao walisimamiwa kufanya mazoezi kwa miaka 3, na wengine wakapewa maelezo ya afya tu. Baada ya miaka 8, katika kila 100 waliofanya mazoezi, 90 walikuwa hai. Kwa wale wengine walikuwa 83. Watu 7 katika 100 si wachache, akina mama. Hizo ni nyumba 7 ambazo hazikuwekwa matanga.

Utafiti huo haukuonyesha ni homoni gani hasa iliyofanya kazi hiyo, na huenda si moja. Mazoezi hupunguza pia insulini iliyozidi katika damu, na insulini ikizidi huhimiza chembe kukua. Tena kuna estrogeni, homoni ya kike. Mama akishakoma hedhi, mafuta ya mwilini huendelea kuitengeneza, na ikiwa nyingi hulisha aina fulani za saratani ya matiti. Mama huyo akitembea kila siku na kupunguza mafuta, estrogeni nayo hupungua.

Mama mmoja aliniuliza, "Sista, kama ni adrenalini, basi hofu nayo ni dawa? Maana mimi moyo hunienda mbio kila siku nikifikiria karo." Tulicheka, lakini swali lake ni zuri. Adrenalini ya mazoezi hupanda, kisha hushuka mtu akipumzika. Ile ya wasiwasi wa kila siku haishuki upesi, nayo huuchosha mwili.

Na sisi tunaolima mpunga, kutwanga na kubeba maji? Hayo nayo ni mazoezi. Ninaowasema ni wale wa kukaa dukani kutwa, na kupanda bodaboda hata kwa safari ya dakika 10.

Lakini tusidanganyane. Mama anayeshika jembe tangu alfajiri pia hupata saratani. Ukiona kivimbe katika titi, hata kama hakiumi, au chuchu imeingia ndani au inatoa damu, usiseme utakitoa kwa jasho. Nenda Hospitali ya Ngao wiki hiyo hiyo. Saratani ya shingo ya kizazi nayo huletwa na virusi, na jembe halizuii virusi. Binti aliyefika miaka 10 apelekwe akachanjwe, na mama aende kupimwa.

Kwa mgonjwa aliye nyumbani, kwanza muulizeni daktari wake. Akikubali, anzeni na dakika 5 za kutembea uani, asubuhi au baada ya alasiri jua likipoa. Mkiona anaweza, ongezeni dakika kidogo kidogo mpaka zifike 30, siku 5 kwa wiki. Mwendo uwe ule wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Siku ya homa, kizunguzungu au kutoka damu, apumzike na mtuarifu kituoni. Mfupa ukimuuma upya, au mkono wa upande aliopasuliwa titi ukivimba, aonwe kwanza kabla ya kuendelea.

Akitaka kuosha kikombe chake, mpeni akioshe. Wiki ijayo tutazungumzia lishe ya mgonjwa aliyepoteza hamu ya kula. Kwaherini.