Nakshi za Vyungu: Kila Pambo na Saa Yake

(Mazungumzo yaliyosomwa Ukonga mbele ya wazee, walimu na vijana)



Nimeombwa niseme habari ya nakshi za vyungu, yaani mapambo yatiwayo juu ya chombo cha udongo. Labda mtu atauliza, Kuna haja gani ya kukusanya watu kwa ajili ya mistari na vitone? Chungu kipikacho vizuri si chatosha? Nami najibu ya kwamba haja ipo, tena ni kubwa. Sufuria za alumini na ndoo za plastiki zimejaa madukani, wala hakuna mfinyanzi awezaye kushindana nazo kwa wepesi au kwa kutovunjika. Mtu anunuaye mtungi siku hizi hununua mambo mawili ambayo ndoo haina: maji ya baridi, na uzuri wa chombo. Basi mfinyanzi asiyejua nakshi amekwisha kupoteza nusu ya soko lake. Na yule atiaye nakshi kwa njia isiyofaa hupoteza nusu ya pili, kama nitakavyoeleza hapo mbele.

Wahenga walisema, Udongo uwahi ungali maji. Sisi walimu twapenda kuitumia methali hii kwa malezi ya watoto, na ni haki. Lakini mfinyanzi aisikiapo huisikia kwa maana yake ya wazi kabisa. Udongo una saa zake, na kila nakshi ina saa yake. Ukiijua saa, kazi ni nyepesi. Ukiikosa, hata mkono hodari hauwezi kuirudisha. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote nitakayosema ni matawi yake.

Kwanza yapasa udongo wenyewe uwe tayari. Huchimbwa, huondolewa mawe na mizizi, huloweshwa, kisha hupondwa au hukanyagwa hata ukawa laini mahali pote. Udongo wenye mnato mwingi hupungua sana unapokauka, nao hupasuka; kwa hiyo wafinyanzi huuchanganya na mchanga, au na vigae vya zamani vilivyotwangwa. Mwanafunzi asiufanye haraka mwanzo huu, maana ufa uliofichika ndani ya udongo hautazibwa na pambo lolote.

Saa ya kwanza ya nakshi ni wakati udongo ungali mbichi, chombo kimekwisha kusimama lakini kidole kikigusa bado chaacha alama. Hii ndiyo saa ya kugandamiza. Twaa gunzi la mahindi, livingirishe juu ya bega la chungu, nalo litaacha safu za vishimo vidogo vidogo. Twaa kipande cha ukili, au kamba iliyosokotwa, uvingirishe vivyo hivyo, utapata nakshi nyingine. Ukingo wa kombe la chaza wenye meno, ukibonyezwa kidogo kidogo, hutoa mistari ya mawimbi. Na watu wa pwani walitumia makombe kwa kazi hiyo tangu zamani. Hakuna hata kimoja katika vyombo hivi kinachohitaji fedha. Jambo la kukumbuka ni moja: mkono wa pili uwe ndani ya chungu, ukiutegemeza ukuta, ama sivyo ukuta utabonyea.

Wala msidhani ya kwamba nakshi hii ni urembo mtupu. Mtungi uliojaa maji ni mzito, na mikono ya mchotaji imelowa. Nakshi iliyo shingoni na mabegani huufanya mkono ushike, usiteleze.

Saa ya pili ni wakati udongo umeanza kukauka kivulini, nao umekuwa mgumu kama ngozi ya kiatu. Ukiubonyeza kwa ukucha waacha alama, lakini haushikamani na kidole. Hii ndiyo saa ya kuchora kwa kijiti kilichochongwa au kwa kipande cha mwanzi. Ukichora kabla ya saa hii, mstari huinua kingo mbaya pande zote mbili. Ukichora baada yake, udongo humeguka. Tena mstari usiwe wa kina sana. Usipite theluthi ya unene wa ukuta, kwa kuwa mstari wa kina ni mlango wa ufa.

Katika saa hii hii hutiwa rangi ya udongo. Udongo mwekundu husagwa, huchujwa, hukorogwa na maji hata ukawa kama uji mwepesi, kisha hupakwa kwa kitambaa au kwa unyoya. Wekundu wake watoka katika kutu ya chuma iliyomo ndani ya udongo, kwa hiyo moto hauufuti. Ama rangi nyeupe, watu wa Ukonga hawana haja ya kwenda mbali. Vilima vya Pugu, vilivyo jirani yetu, vina udongo mweupe uitwao kaolini, nao ni mwingi mno. Lakini nawaonya mambo mawili. La kwanza, udongo mweupe mtupu haupungui sawasawa na udongo wa chombo, basi waweza kubambuka. Uuchanganye na sehemu ya udongo wa chombo kile kile, ukajaribu kwanza juu ya kigae. La pili, Pugu kuna msitu wa hifadhi. Mtu asiende kuchimba kama aendaye shambani kwake. Atafute ruhusa kwa wenye mamlaka.

Rangi ikiisha kunywewa na udongo, hufuata kusugua. Chukua kokoto laini la mtoni, au mgongo wa kijiko, usugue polepole bila kukandamiza mno, mpaka ung'ae. Sababu ya kung'aa ni hii: chembe za udongo ni kama magamba madogo sana yaliyolala ovyo, kokoto huyalaza pamoja, nayo hurudisha mwanga kama kioo. Kwa bakuli na chombo cha maua, sugua pote. Lakini kwa mtungi wa maji, tumbo lake liache bila kusuguliwa sana, na sababu yake nitaieleza.

Saa ya tatu ni ya kungoja. Chombo kimekauka kabisa, rangi yake imepauka, nacho ni chepesi kuvunjika kama biskuti. Hapa mfinyanzi asitie mkono. Vijana wengi huharibu kazi ya siku nyingi kwa kutaka kuongeza mstari mmoja wakati huu.

Saa ya nne ni ya moto. Vyungu vichomwavyo uwanjani kwa kuni, magome na nyasi hupata moto wa nyuzi 600 hadi 800 hivi za sentigredi. Moto wenye hewa ya kutosha huutoa udongo mwekundu. Moto uliofunikwa na kujaa moshi huutoa mweusi. Chungu kikitolewa kingali moto sana, kikazikwa katika majani makavu au maranda ya mbao, huwa cheusi pi. Katika nchi nyingi za Afrika, wafinyanzi hunyunyiza pia juu ya chombo chenye moto maji ya magome yaliyochemshwa, nayo huacha mabaka ya kahawia ya kupendeza, na kusaidia kuziba vitundu.

Hizo ndizo saa nne. Sasa nataka mwone thamani ya mambo haya, kwa kuwa wako wasemao ni kazi ya watu wasiosoma.

Wachimbuzi wa mambo ya kale walipochimba katika miji ya pwani yetu, waliona vigae vilivyochorwa pembetatu zilizojazwa mistari ya mshazari. Vigae hivyo ni vya tangu karne ya 7 hata ya 10 hivi, navyo vimeonekana Shanga na Manda katika visiwa vya Lamu, na Unguja Ukuu, na Kilwa, na mpaka Msumbiji na Komoro. Mwaka 1994 Felix Chami, mwanachuoni wa Tanzania, alichapisha kitabu juu ya habari hizo, naye aliviita vyungu hivyo kwa jina la nakshi yake ya pembetatu. Mark Horton, aliyechimba Shanga, alitoa kitabu chake mwaka 1996, naye alitumia jina la mto Tana. Zamani waandishi wengi walisema kwamba miji ya pwani iliasisiwa na wageni waliotoka ng'ambo. Lakini chini kabisa, katika matabaka ya kwanza, viko vigae hivi vya wenyeji, na ndugu zake wameonekana hata bara, huko Dakawa upande wa Morogoro. Mfinyanzi aliyechora pembetatu begani mwa chungu hakujua ya kwamba anaandika tarikhi. Lakini aliiandika, nayo imedumu kuliko karatasi.

Kadhalika upande wa Ziwa Viktoria, mwaka 1948 Mary Leakey, Owen na Louis Leakey walitoa habari za vyungu vya kale vyenye kishimo kilichobonyezwa chini ya kitako. Leo vyaitwa kwa jina la Urewe, mahali palipo Kenya, navyo vimeonekana hata Buhaya. Basi kishimo cha kidole gumba kimewaonyesha wataalamu njia za watu waliofua chuma na kulima tangu zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita.

Tena msiseme kazi hii haina heshima katika ulimwengu wa leo. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda kusoma Uingereza, na mwaka 1974 akaenda Abuja katika Nigeria kujifunza kwa wafinyanzi wa huko. Vyombo vyake hujengwa kwa mkono bila gurudumu, hupakwa uji wa udongo, husuguliwa, kisha huchomwa: mara ya kwanza katika hewa vikatoka vyekundu, na pengine mara ya pili katika moshi vikatoka vyeusi. Leo vimewekwa katika majumba makubwa ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Tazameni: ni zile zile saa nne nilizozitaja.

Nirudi sasa katika onyo nililoliahidi. Wako wachuuzi wa mjini wapakao mitungi rangi ya mafuta baada ya kuchomwa, ili ing'ae barabarani. Kwa chombo cha maua hakuna neno. Lakini mtungi wa maji hupoza kwa kutoa jasho: maji hupenya kidogo kidogo katika vitundu vya udongo, hufika nje, hukauka kwa upepo, na katika kukauka huondoa joto. Ukiuziba kwa rangi ya mafuta, jasho limekatika, na mnunuzi amepata ndoo nzito ivunjikayo. Hatarudi tena sokoni kwako. Ndiyo sababu nikasema tumbo la mtungi lisisuguliwe sana. Na lililo baya zaidi ni rangi ya kioo yenye risasi katika chombo cha chakula. Ukwaju, limau na siki huweza kuitoa risasi hiyo ikaingia chakulani, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Nakshi njema ni ile isiyozuia kazi ya chombo wala kumdhuru alaye.

Basi tufanye nini hapa Ukonga? Nina maneno matatu.

Kwanza, kwa walimu. Msianze kuwafundisha watoto kwa mitungi. Wafanyeni vigae bapa vya upana wa kiganja, kila kigae kitiwe nakshi kwa saa mbalimbali, na nyuma yake paandikwe saa iliyotumika. Baada ya kuchomwa, mtoto ataona kwa macho yake tofauti ya mstari uliowahi na mstari uliochelewa.

Pili, kwa vijana. Watafuteni akina mama wazee waliofinyanga walipokuwa vijijini kwao. Maana Ukonga ina watu wa makabila mengi, na huenda fundi anakaa nyumba ya tatu kutoka kwako, nawe hujui. Nendeni kwa adabu, mkiwa na kuni na maji mkononi, wala si kwa maneno matupu. Andikeni majina ya nakshi katika lugha yake, na maana yake kama anaijua. Fundi akizikwa na majina hayo, hakuna kitabu kitakachotupa tena.

Tatu, kwa wazee wetu. Methali yasema, Mfinyanzi hulia gaeni. Aliyewatengenezea watu wote vyombo vizuri, mwenyewe hula katika kigae kilichovunjika. Jambo hili twaweza kulipunguza. Mwenye kufundisha apewe ujira wa haki, na palipo na soko, wafinyanzi wapewe mahali pa kivuli pa kuweka vyombo vyao. Vijana hawafuati kazi ambayo wamwona fundi wake akifa maskini.

Kila mwaka unaopita, mikono ijuayo saa hizi inapungua. Udongo upo Pugu, magunzi yapo jaani, makombe yapo pwani. Kilicho haba ni wakati wa wale wenye kujua. Na tuuwahi, ungali maji.