Zile pesa zilienda wapi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Bukavu, mwezi wa saba 2025

Komite iliniomba niseme juu ya msaada wa pesa mkononi, kwa sababu mwezi wa nane mutapiga kura. Msaada wa familia zilizorudi Kalehe na Walungu uwe tena majembe, mbegu na mbuzi, ama mara hii uwe pesa? Miaka tisa sasa mimi natembea vijijini na karatasi za kuandikisha watu. Sitajificha: naegemea upande wa pesa. Lakini kuko mambo ya pesa ambayo yananinyima usingizi, na hayo nitayasema pia.

Nianze na hesabu ya mama mmoja wa Kalehe, kando ya ziwa. Jina lake halitusaidii hapa. Alikimbia na watoto wake, akalala miezi katika nyumba za watu, akarudi. Nyumba ilikuwa imesimama, mlango haukuwepo, sufuria hazikuwepo. Alipokea dola 100. Kisha wiki sita nikatumwa kumuuliza alizifanyia nini. Karatasi yangu ilikuwa na mistari: chakula, shule, shamba, afya, na chini kabisa "mengine".

Akanihesabia kwa vidole. Dola 38 alilipa deni dukani. Dola 20 alilipa bwasa, ile pesa ya kukodi shamba kwa mwaka mmoja. Dola 15 zilikuwa minervale ya kijana wake wa sekondari. Munajua shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari bado inalipwa. Dola 9, mbegu ya maharagi. Zile 18 zilizobaki zilikula unga, sabuni, samaki kidogo, na kitenge kimoja.

Nilipopeleka ile karatasi, mstari wa "mengine" ulikuwa mnene kuliko yote, kwa sababu deni halina mstari wake. Mfadhili mmoja, mtu mzuri kabisa, akaniuliza: "Sasa zile pesa zilienda wapi? Tulitoa pesa ya kuinua familia, wao wanalipa duka?" Siku ile sikumjibu vizuri. Leo najaribu tena.

Deni ya dukani ni nini kwa mtu aliyerudi? Ni chumvi, mafuta, sabuni, kilo mbili za unga, mwenye duka anaandika katika daftari. Miezi inapita. Siku moja anafunga daftari na kukwambia: mama, lipa kwanza. Kutoka siku ile, mtoto akipata homa usiku huna mlango wa kubisha. Unafanya nini? Unauza maharagi yangali majani shambani. Mtu anakuja, anaangalia shamba lako lenye maua, anakupa pesa kidogo sana, na siku ya kuvuna ni yeye anavuna. Wengi humu ndani munajua hiyo biashara, na wengine mulishaifanya. Mwaka unaofuata unaanza tena na deni.

Yule mama alipolipa zile dola 38, daftari ilifunguka. Msimu ule hakuuza maharagi yake mabichi, alivuna mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ambayo dola 38 zilifanya, na katika karatasi yangu iliitwa "mengine". Nikawaza: tumepima miaka mingapi kwa karatasi ambayo haioni kitu?

Na kitenge? Mfadhili alicheka juu ya kitenge. Mimi pia nilicheka, mpaka mama akanieleza. Alikuwa ameacha kwenda katika MUSO yake juu ya aibu ya nguo. Kwa wafadhili wasioijua: MUSO ni chama kidogo cha akiba, watu ishirini au thelathini, na masanduku yake. La kijani ni la akiba na mkopo, jekundu ni la kusaidiana wakati wa ugonjwa na kilio. Mtu asiyefika kwenye mkutano hakopeshwi. Kitenge kilimrudisha mbele ya sanduku la kijani. Sisemi kila kitenge kina hadithi kama hiyo, wengine wananunua juu ni kizuri, na hiyo pia si dhambi.

Sasa majembe. Katika kijiji kile kile, mwaka mmoja mbele, kila familia ilipewa majembe mawili. Wiki iliyofuata nilipita sokoni nikaona majembe yamepangwa chini kama samaki, nusu ya bei, na bado hakuna mnunuzi, kila mtu anayo. Mtu asiye na shamba atalima wapi? Alihitaji bwasa, tukamletea jembe. Aliuza jembe kwa hasara ili apate ile pesa ambayo tungeweza kumpa tangu mwanzo, na sisi tulikuwa tumekwisha kulipa lori, depo na mlinzi.

Haya si maneno ya kwangu peke yangu. Hapa jirani, Masisi, katika mwaka wa 2011 na 2012, shirika la Concern Worldwide liligawanya familia za wakimbizi wa ndani: wamoja walipata pesa, wengine kuponi za thamani ile ile za kununulia katika maonyesho ya biashara. Mtafiti Jenny Aker alizifuata. Waliopata pesa walinunua vitu vya aina nyingi zaidi. Katika chakula na hali ya maisha hakukuonekana tofauti, lakini kupeleka pesa kuligharimu kidogo kuliko kutayarisha kuponi. Kenya, katika kaunti ya Siaya, familia zaidi ya 10,000 zilipata karibu dola 1,000 kila moja. Watafiti waliona kwamba kila dola iliyoingia ilizunguka, ikazaa karibu dola mbili na nusu katika uchumi wa pale, hata majirani wasiopewa kitu walifaidika, na bei za soko hazikupanda karibu hata kidogo.

Kuhusu pombe, maana najua kuko mbaba anangoja niiseme. "Wanaume watakunywa zote, kasiksi asubuhi, kanyanga jioni." Watafiti wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 za nchi mbalimbali juu ya jambo hilo. Kwa jumla watu wakipewa pesa hawaongezi pombe wala tumbaku. Kwetu nimeona walevi wachache waliokunywa ya kwao. Nimeona pia mtu aliyeuza mbuzi wa msaada akamnywa mbuzi mzima.

Lakini Siaya si Bushi. Kule barabara inapitika na mwenye kutoa pesa za simu yuko karibu. Kwetu mwangalie kwanza soko. Mahali kama Shabunda, kwenye bidhaa nyingi zinafika na ndege, ukimwaga pesa na duka iko tupu, umepandisha tu bei ya chumvi. Pale peleka vitu, mimi sitabisha. Kalehe na Walungu masoko yanatembea, hata sasa. Wamama wanabeba mgongoni, lakini yanatembea.

Sasa yale yanayoninyima usingizi.

La kwanza ni noti zenyewe. Tangu mwezi wa pili benki zilifunga milango hapa Bukavu. Pesa inaingia katika simu, simu inalia, mama anafurahi, anashuka mpaka kwa mwenye duka ya Airtel Money ama M-Pesa, anaambiwa: franga hakuna, rudi kesho. Kesho ziko, lakini komisioni imepanda. Nilimsindikiza mmoja ambaye simu yake ilionyesha dola 40, akatoka na 36. Moja ya hizo ilikuwa na kidonda kidogo pembeni, na munajua dola iliyopasuka hapa kwetu haina baba wala mama. Akabaki na 35 za kweli. Kwa hiyo kama mutachagua pesa, ninaomba gharama ya kutoa iwekwe juu ya msaada, isikatwe ndani yake. Na tuongee mbele na wenye maduka, tukubaliane siku na kiasi, kuliko kutuma watu 200 kwa mtu mmoja aliye na noti za watu 30. Aliye na noti mbovu asinyamaze, aje aonyeshe siku ile ile.

La pili ni wizi, na hapa tuseme wazi. Katika 2023 shirika la GiveDirectly lenyewe lilitangaza kwamba karibu dola 900,000 ziliibiwa katika kazi yake hapa Kivu Kusini, na watu wake wa ndani walihusika. Njia ilikuwa kadi za SIM: pesa ilitumwa kwenye kadi ambazo hazikuwa mikononi mwa familia zenyewe. Nasifu kwamba walijitangaza, wengi wananyamaza. Kwetu liwe sharti: hakuna mfanyakazi, hakuna mwanakomite, mimi ndani yake, atakayemwandikishia mtu kadi ama kumshikia namba ya siri. Aliye mbali na duka ya simu apelekwe pale, ama alipwe mkononi mbele ya watu.

La tatu ni langu. Miaka michache nyuma nilitumwa kuandika listi katika kijiji kimoja cha Walungu, siku mbili tu. Mvua ilinyesha, nikakaa kwa shefu, yeye akanitajia majina, mimi nikaandika. Nyumba za ngʼambo ya mto hazikuingia. Siku ya malipo wale wa ngʼambo walikuja, wakasimama, wakaangalia. Mjane mmoja aliyekuwa amerudi juzi akaniuliza polepole kama yeye hakurudi kama wengine. Hapakuwa na pesa ya kuongeza. Nilipopita tena baada ya miezi, wamama wawili waliokuwa wanachota maji pamoja walikuwa hawasalimiani, mmoja alipata, mwingine hapana. Shefu alisema ni kosa la ofisi, ofisi ikasema ni kosa la shefu. Kosa lilikuwa langu, sikuvuka mto.

Kwa hiyo listi isomwe mbele ya watu wote, kwa sauti, mara mbili, na wiki moja ipite kati ya kusoma na kulipa ili mtu aseme: huyu hakukimbia, ama: yule mumemsahau. Itakuwa na makelele. Makelele ya mbele ya malipo yananishinda kidogo kuliko ukimya wa nyuma.

Kuhusu bwana na bibi, nani aandikwe, sina sheria moja. Wamama wengi waliniambia wanaogopa pesa ikitumwa kwao kwa siri, bwana akigundua ni vita. Wengine wanaogopa kinyume. Sisi tunawaita wote wawili siku ya kuandikisha, wanasikia kiasi pamoja. Mara nyingi inatosha, na pale isipotosha wamama wa komite wanajua zaidi kuliko mimi.

Wafadhili wetu, munajua hali. Marekani, ambayo katika 2024 ilibeba karibu 70 kwa mia ya msaada wa kiutu wa nchi hii, ilisimamisha sehemu kubwa tangu mwanzo wa mwaka huu. Mashirika mengi hapa mjini yalifunga ofisi. Pesa yenu ndogo, ambayo zamani ilikuwa nyongeza, kwa familia zingine sasa ndiyo yote. Ninawaomba jambo moja tu: karatasi ya mwaka huu iwe na mstari wa deni, na mutakapouona umejaa musikasirike.

Yule mama wa Kalehe nilimwona tena wiki mbili zilizopita. Nilimwambia kuna kura. Akasema yeye hajui kura, lakini kama pesa itakuja, ije mbele ya mwezi wa tisa, kabla mvua ya kupanda haijaanza. Mwaka ule zilikuja mwezi wa kumi na moja, na mbegu ya maharagi aliyonunua ilichelewa kuingia udongoni, nusu ilioza. Ameniomba nifikishe. Nimefikisha.