Hotuba juu ya Mwanamke, Mtoto na Mzee katika Miji ya Kale ya Pwani



Shauri la wajane wanaotolewa nyumbani mara baada ya mazishi limeletwa tena mbele ya halmashauri yetu. Katika mjadala ilisemwa kwamba tangu kale Mwafrika wa kike hakuwa na nyumba yake. Neno hilo lilitukera, nasi tukaona ni vema kuitazama pwani yetu kwanza.

Ibn Battuta wa Moroko alifika Mombasa mwaka 1331, kisha Kilwa, akawasifu watu kwa ucha Mungu wao. Habari za akina mama wa huko hakutuachia nyingi. Mifupa imesema zaidi. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mabaki ya watu 80 waliozikwa baina ya miaka 1250 na 1800, wengi katika miji kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Ilidhihirika kwamba asili yao ya kuukeni ni Afrika karibu yote, na ya kuumeni kwa sehemu kubwa ni Uajemi. Basi mgeni alishuka jahazini, akaoa, na watoto wake wakakua katika lugha ya mama zao, ndiyo hii tunayosemea hapa.

Huko Lamu, hata karne ya 20, ilionekana desturi inayoafikiana na habari hiyo: baba mwenye uwezo humjengea bintiye nyumba, pengine juu ya dari ya nyumba yake mwenyewe, na mume ndiye ahamiaye. Mama huyo akizeeka, akifiwa, hakuna shemeji awezaye kumwonyesha mlango. Wajukuu humkuta pale pale.

Hatusemi kwamba zama zile zilikuwa pepo. Sultani wa Kilwa, aliyesifiwa kwa ukarimu, alimpa fakiri mmoja zawadi ya watumwa kumi pamoja na pembe za ndovu. Watumwa wale nao walikuwa na mama zao, wala hakuna aliyeandika majina yao.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yamtambua mjane. Daftari letu bado halimtambui. Twaomba jina la mke liandikwe kando ya jina la mume, na fedha za msiba zitiwe mkononi mwake mwenyewe. Mzee asiyeridhika na aseme hapa mkutanoni, kabla kura hazijapigwa.