Jicho, Mazoea na Herufi H: Utambuzi wa Maneno katika Maandishi ya Kariakoo

Katika Barabara ya Msimbazi, daladala yenye maandishi K/KOO hutambuliwa kabla haijasimama. Rangi ya mstari ubavuni, mkwaju kati ya herufi na wito wa kondakta huwa vimekwisha kulijenga neno akilini, hata kwa asiyejua kusoma. Jina lenyewe ni zao la sikio: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, lilitua katika vinywa vya watu likawa Kariakoo.

Je, utambuzi wa namna hiyo ni kusoma? Mwaka 1886 James McKeen Cattell, kwa majaribio aliyoyafanya Leipzig, alionyesha kwamba jicho hulipokea neno fupi lililozoeleka karibu kwa wepesi uleule linavyoipokea herufi moja. Mwaka 1969 Gerald Reicher alithibitisha kuwa herufi iliyomo ndani ya neno hutambuliwa kwa usahihi zaidi kuliko ikiwa peke yake. Neno, basi, huisaidia herufi. Lakini majaribio hayo yalitumia maneno mafupi ya Kizungu. Kitenzi cha Kiswahili hutanguliza viambishi, na shina hujificha katikati.

Hapo ndipo penye hatari. Tangazo la dukani, «Bidhaa ikishauzwa hairudishwi», lina alama mbili za ukanushi: ha- mwanzoni na irabu -i mwishoni. Jicho likiikosa ya kwanza, huenda likainasa ya pili. Wakati ujao hauna hisani hiyo. «Utarejeshewa», lenye herufi 12, na «hutarejeshewa», lenye herufi 13, hutenganishwa na h moja tu, nayo imo mwanzoni kabisa, mahali ambapo msomaji mwepesi hupapita akilikimbilia shina. Mnunuzi anayetarajia kurejeshewa fedha zake ataliona neno analolitarajia. Matarajio hukamilisha kile ambacho jicho halikukitazama.

Sikio nalo haliwi mwokozi daima. Wapo wasemaji ambao h hudondoka vinywani mwao, «habari» ikawa «abari». Kwao herufi hiyo yamkini haina sauti ya kuisimamia. Aliyefundishwa kwa silabi, anayesoma polepole hu-ta-re-je-she-wa, huweza kuwa salama zaidi kuliko karani aliyebobea. (Walimu wanaoona haya kwa ajili ya wanafunzi wa namna hiyo wangefaa kulifikiria jambo hili.)

Wapo wafanyabiashara wanaoandika risiti zao kwa njia nyingine, pengine bila kukusudia isimu yoyote: «Hakuna kurudisha fedha». Ukanushi umepewa neno lake zima, umewekwa mbele, nao ukiondolewa, kinachobaki si ahadi ya kinyume bali maneno mawili tu, «kurudisha fedha», yasiyomwahidi mteja lolote.