Kobe Mwenye Ngozi Nyekundu

Msikilizaji, kama unafuga kobe, leo mtazame shingoni na mapajani, pale ngozi inapojikunja karibu na gamba. Ikiwa nyekundu kidogo au imechubuka, bila usaha wala harufu, unaweza kuanza kumhudumia mwenyewe.

Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu, yasimfike kidevuni. Kisha chukua ayodini ya kuoshea vidonda, uizimue kwa maji safi mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Pangusa taratibu kwa kitambaa laini, mkaushe, rudia kila siku. Spiriti usimpake. Na kagua banda: mara nyingi matandiko yaliyolowa mkojo ndiyo yanayoichoma ngozi, na dawa haitasaidia kitu yasipobadilishwa.

Ukikuta kupe, mng'oe kwa kibano. Hapa nakuomba unisikilize vizuri: usimchome wala kumnywesha kobe ivermektini, ile dawa ya minyoo na wadudu tunayowapa mbuzi na ng'ombe. Kwa kobe ni sumu. Humlegeza misuli, akashindwa kutembea, na huweza kumuua. Inauma sana kumpoteza mnyama mwenye umri mrefu namna ile kwa sindano iliyotolewa kwa nia njema.

Gamba likilainika au kunuka, wekundu ukienea, au akisusa chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na kila ukimshika, nawa mikono kwa sabuni, watoto pia. Kobe huweza kubeba bakteria wa salmonela hata akiwa mzima kabisa.